Mabano Yaliyobaki Wazi

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukigundua kwa Mwalimu Bethwel Kiplangat ni kwamba hufumba macho anapotaka kusoma. Huutazama mstari kwanza kwa utulivu, kama anavyotazamwa mgeni kabla ya kupewa mkono, kisha hufumba macho na kuusoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kukosea. Kanisani, akipewa somo la Jumapili, wageni hudhani amelikariri ili ajionyeshe. Wanafunzi wake wa kidato cha pili wamembandika jina la Mzee wa Maombi, naye hajawahi kuwakanya. Mazoea hayo aliyapata kwa sababu ya mtu mmoja tu, na tangu mwezi wa Aprili, kila anapofumba macho, humwona mtu huyo amesimama mlangoni akimpa mgongo.

Mtu huyo ni Njoki. Watu wa kwao wanalima viazi na kabichi Kabazi, na huko ndiko alikomaliza kidato cha nne, akiwa wa kupigiwa mfano katika hisabati. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamlaza hospitalini, na alipoinuka kitandani alikuwa haoni. Njia za Kabazi ni za kupanda na kushuka, tena huteleza mvua ikinyesha. Basi Mugure, dada ya mamake, ambaye Njoki humwita Tata kwa Kikuyu, alimchukua akaishi naye Salgaa, anakoendesha hoteli ya madereva wa malori. Jikoni palikuwa na kuta za kushika na viazi vya kumenya. Njoki alivimenya kimyakimya, kama mtu aliyeketi akingoja jina lake liitwe.

Aliyeliita, bila kukusudia, ni Bethwel. Yeye hufundisha katika shule ya kutwa iliyo nyuma ya kituo cha malori, na jioni alikuwa na desturi ya kupitia kwa Mugure kunywa chai na kusahihisha madaftari. Anaposahihisha hunong'ona hesabu midomoni. Jioni moja kidirisha cha kupitishia chakula kikafunguka.

"Mwalimu, ongeza sauti kidogo," Njoki akasema kutoka jikoni. "Unanionjesha halafu unaficha sahani."

Bethwel akacheka. Akamsomea kwa Kiingereza cha darasani: eksi plasi thrii, ova tuu. Akamwambia eksi ni tano.

"Sita na nusu," Njoki akajibu kabla kisu hakijamaliza kiazi.

"Hapana, ni nne."

"Mwalimu, tatu ukigawa kwa mbili ni moja na nusu. Weka juu ya tano. Sasa nne inatoka wapi?"

Bethwel akatazama daftari. Pale kwenye karatasi mstari wa kugawanya ulikuwa mrefu, umebeba eksi na tatu pamoja. Tano na tatu ni nane, na nusu yake ni nne. Lakini sikioni mstari hauna urefu. Akafumba macho, akajisomea maneno yale yale, na kwa mara ya kwanza akasikia alichokuwa amesikia Njoki. Msichana alikuwa amejibu sawasawa hesabu nyingine kabisa, ile aliyosomewa.

Hapo ndipo lugha ilipoanzia.

Mwanzoni walijaribu Kiswahili, kikawa kirefu kama hotuba ya harambee. Kiingereza kilihitaji maelezo juu ya maelezo. Njoki hakujua Kikalenjin cha mwalimu, wala mwalimu hakujua Kikuyu cha Njoki. Wakaamua kutunga yao, silabi kwa silabi, kila Jumamosi alasiri, kwenye meza ya pembeni iliyoegemezwa ukutani ili isitikisike. Nambari zikapata majina mafupi: ri ni mbili, fa ni tatu, na nyingine vivyo hivyo. Kisichojulikana kikaitwa ke. Kujumlisha ni sha. Na sheria kuu ya lugha, aliyoileta Njoki mwenyewe, ilikuwa hii: kila neno linalofungua kitu lina mwenzake wa kukifunga, na huyo wa kufunga huishia na o. Mabano hufunguliwa kwa ta na kufungwa kwa to. Sehemu hufunguliwa kwa le, mstari wa kugawanya ni mu, na mwisho wake ni lo. Kipeuo cha pili ni vi na vo. Hakuna kilichoruhusiwa kubaki wazi.

Basi hesabu ya jioni ile ya kwanza ikasomwa hivi: le ke sha fa mu ri lo. Na ile aliyoisikia Njoki ikawa: ke sha le fa mu ri lo. Sikio halikuweza tena kuzichanganya. Lugha wakaiita Kitato, na Bethwel akazoea kufumba macho kila anaposoma, ili asisaidiwe na kitu ambacho Njoki hakuwa nacho.

Baada ya muda Kitato kilitoka kwenye hesabu kikaingia maishani. Yeya, neno la kusema pande mbili ni sawa, likawa salamu yao. Rumi, neno la kumwambia mtu arudi nyuma aanze upya, lilitumika chumvi ikizidi kwenye mchuzi. Mteja msumbufu akilipa na kuondoka, Njoki alisema to kwa sauti ya chini, na mwalimu akapaliwa na chai.

"Mnanisengenya kwa jiko langu," Mugure alikuwa akilalamika, "na viazi ni vyangu."

Nyumbani mkewe Bethwel, Jepkosgei, alimcheka pia. "Lugha gani hiyo ya watu wawili, Baba Cheruto? Hata wimbo mmoja haina."

"Itakuwa nao," Bethwel alimjibu, na hakuwa akitania. Alikuwa amefundisha miaka mingi vitu vilivyotungwa na watu wengine. Hiki kimoja alikitunga yeye, au nusu yake, na alikipenda jinsi mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, hata akaanza kusahau kwamba haikujengwa ili yeye alale ndani.

Kisha chuo kimoja mjini Nakuru, upande wa Milimani, kikatangaza kozi ya takwimu. Kila anayetaka kuingia lazima afanye mtihani wa hisabati, na asiyeona husomewa karatasi na kuandikiwa majibu anayoyataja. Njoki akajiandikisha. Tangu augue, hakuwa ametaka kitu kwa namna ile. Alianza kuamka mapema kuliko Mugure. Alianza hata kuuliza nguo gani zinalingana.

Mwezi wa Machi simu ya Bethwel ililia akiwa katika chumba cha walimu. Aliyepiga alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti safi ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alijitambulisha kuwa anaitwa Abby na kwamba anafundisha katika chuo kile.

"Msomaji wa Njoki nitakuwa mimi, mwalimu. Nitasoma kwa Kiingereza, vile karatasi imeandikwa. Wewe kama mwalimu wake huruhusiwi kuingia. Tafadhali mzoeshe usomaji wa kawaida, muda upo."

"Sawa, madam," Bethwel akasema. "Hakuna shida."

Alikusudia kumwambia Njoki Jumamosi. Jumamosi ilipofika, Njoki alifumua hesabu ndefu yenye vipeuo ndani ya vipeuo, akaifunga kila mahali ilipofunguliwa, uso wake ukang'aa. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ya mtihani ukinisomea usiende mbio. Ukiona nimeinua kidole, pumua."

Hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa akiingoja, nayo ilikuwa imewekwa mbele yake kama kikombe cha chai. Bethwel akautazama ule uso.

"Nitapumua," akasema.

Tangu hapo kila juma lilizidi kufanya mambo kuwa magumu. Alijiambia kwamba watu wa chuo wakisikia Kitato kwa masikio yao watakubali wenyewe, kwani ni wasomi. Alijiambia kwamba Njoki akiambiwa mapema atavunjika moyo. Alijiambia mengi, na hata moja hakulisema kwa sauti, maana alijua lingesikika vibaya.

Siku ya mtihani alivaa koti lake la harusi. Walipita chini ya mijakaranda ya Milimani, Njoki amemshika mkono, Mugure nyuma yao amebeba mfuko wa chakula. Mlangoni Abby akawalaki kwa heshima, akasema, "Mwalimu, wewe utangoja hapo kwenye benchi. Njoki, karibu, mimi ndiye nitakusomea."

"Madam, kama ungenisikiliza dakika moja tu," Bethwel akaanza. "Tuna lugha yetu—"

"Tulizungumza, mwalimu," Abby akasema taratibu.

Vidole vya Njoki vilikuwa kwenye mkono wa koti lake. Havikushtuka. Vililegea tu, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ukawa mtupu.

Yaliyotokea ndani Bethwel aliyasikia baadaye kwa Mugure, aliyesimuliwa na Njoki. Abby alisoma vizuri, kwa matamshi ya kuigwa. Lakini alipofika kwenye skwea ruti ya eksi plasi naini, Njoki hakujua kama kipeuo kimefunika eksi peke yake au kimefunika na tisa. Akaomba isomwe tena. Abby akasoma tena, maneno yale yale, kwa upole ule ule. Katika Kitato mtu hana haja ya kuuliza kitu kinaishia wapi, kwa hivyo Njoki hakuwa amewahi kujifunza kuuliza. Akawa anaomba irudiwe, irudiwe, na muda ukaisha sehemu kubwa ya karatasi ikiwa haijasomwa.

Abby alimtoa mpaka mlangoni akiwa amemshika bega. "Pole sana," akasema. "Nilidhani mwalimu alikuzoesha. Nilimpigia simu mwezi wa tatu."

Bethwel alikuwa amesimama tayari. Njoki alisimama pale pale mlangoni, akamgeuzia mwalimu mgongo, kana kwamba alijua kabisa benchi lilipo.

"Alikupigia?" akauliza.

"Alinipigia."

"Ulisema utapumua."

"Njoki, nilitaka tu—"

"Ta," Njoki akasema.

Kwa mazoea ya sikio, Bethwel akangoja. Ndani ya mabano yale lazima kungekuja kitu, cha hasira au cha kilio, kisha lingekuja la kufunga. Halikuja neno. Njoki akanyoosha mkono hewani, Mugure akaushika, wakaondoka wawili. Tangu siku hiyo hakuzungumza tena Kitato na mwalimu wake.

Bethwel akaacha kupitia hotelini. Alikunywa chai ya shule, iliyonuka moshi, na kusahihisha kwa kalamu bila kufungua mdomo. Darasani alikuwa akifumba macho kusoma kisha akayafumbua haraka. Mchungaji alipompa somo la Jumapili alisema koo linamuuma. Ta ile ilibaki kichwani mwake, imefunguliwa, na kila kitu alichokifanya baada ya hapo, kula, kulala, kutia sahihi daftari la zamu, kilionekana kuangukia humo ndani.

"Umeiba nini?" Jepkosgei akamuuliza siku moja wakipukuchua mahindi.

"Sijaiba."

"Basi mbona unatembea kama mtu anayetafutwa?"

Akamweleza yote, tangu simu mpaka mlangoni. Alitumaini mkewe angempa neno la kumpoza. Jepkosgei akaendelea kupukuchua gunzi lake mpaka likaisha.

"Yaani ulimfungia mtoto wa watu ndani ya nyumba ya maneno, ukakaa na ufunguo mfukoni," akasema. "Na sasa unakuja kuniambia mimi. Mimi ni Njoki?"

Kesho yake jioni Bethwel alikwenda tena hotelini. Njoki alisikia hatua zake kabla hajafika kwenye kidirisha.

"Karibu, mwalimu. Chai ama maji?" Hivyo ndivyo alivyowauliza madereva wote.

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka waisikie lugha yetu."

"Lugha yako," Njoki akasema. "Ingekuwa yetu, ungeniuliza."

Bethwel akaukubali ukweli huo. Akasema kuna mtihani mwingine mwezi wa nane, na kwamba angependa kumsomea kwa Kiingereza cha kawaida, kila siku akitaka, mpaka kimwingie.

"Sitaki unisomee. Sauti yako naijua mpaka pumzi. Hata ukisoma vibaya makusudi, unanionyesha njia." Njoki akafuta mikono kwa aproni. "Nataka mtu asiyenijua. Asiyependa hesabu. Mwenye haraka."

Mugure akacheka huku akikoroga sufuria. "Sasa hao si ndio tunapikia hapa kila siku?"

Ndivyo ilivyoanza shule ya ajabu ya pale Salgaa. Bethwel alikata maboksi ya mafuta ya kupikia, akaandika juu yake hesabu kwa kalamu nene, moja kwa kila boksi. Kazi yake ilikuwa kupita mezani na kuziinua mbele ya madereva wanaongoja chakula. Njoki alimpa sharti moja tu, kwamba asifungue mdomo kuhusu kilichoandikwa, wala kurekebisha, wala kukohoa. Mtu ambaye furaha yake ilikuwa kusoma akawa mshika kadi, bubu, mikono imeinuliwa mpaka mabega yakauma. Hakulalamika. Kwa kweli maumivu yale ya mabega yalimfaa, maana yalikuwa mahali anapoweza kupaonyesha kwa kidole.

Wa kwanza kukubali alikuwa Kiarie, dereva wa kwenda Malaba, mtu mnene wa mizaha.

"Mwalimu, hii ni hesabu ama namba ya chasisi?"

"Soma tu vile unaona, boss," Mugure akasema.

"Na nikisoma vibaya, mathe, nyama inapunguzwa?"

"Inaongezwa mfupa."

Kiarie akakunja uso. "Skwea ruti, eksi, plasi naini. Imeisha hiyo. Leteni ugali."

Bethwel aliyajua maneno yale. Ndiyo yaliyomwangusha Njoki kule Milimani, na yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kuyaandika kwenye boksi la kwanza. Midomo ilimwasha. Akaiuma kwa meno.

"Boss," sauti ya Njoki ikatoka kidirishani, polepole, kama mguu unaojaribu daraja. "Hiyo paa ya ruti imefunika nani? Eksi peke yake, ama na naini?"

Kiarie akasogeza kichwa. "Imefunika wote. Lakini naini miguu iko nje kidogo, kama turniboi, utingo wangu, amelala kwa kabini fupi."

Meza ikaangua kicheko. Bethwel akaona kweli amechora paa fupi, akaona aibu. Lakini akaona na kitu kingine. Nyuma ya kidirisha midomo ya Njoki ilikuwa ikicheza bila sauti, na yeye aliweza kuisoma jinsi wengine wanavyosoma gazeti: vi, ke, sha, kisha tisa, kisha vo. Alikuwa akiyachukua maneno ya Kiarie na kuyaweka katika lugha yao, akayafunga, kisha akahesabu.

"Kama eksi ni kumi na sita, jibu ni tano," Njoki akasema.

"Mwalimu, ni ukweli?" Kiarie akauliza.

Bethwel akatikisa kichwa kukubali, mdomo umefungwa.

"Basi mimi ni profesa. Niongezeeni supu."

Habari ikaenea kituoni. Dereva mmoja wa kutoka Tanzania alisoma yote kwa Kiswahili cha redioni, mwingine akasoma kutoka kulia kwenda kushoto na akakataa kurekebishwa. Wengine walisoma huku wakitafuna. Njoki aliuliza kila mara: mstari umebeba nani, paa limefunika nani, hicho kidogo cha juu kimekaa juu ya nani. Maswali yakawa mafupi, sauti ikaacha kutetemeka. Ikafika mahali madereva wanaposhuka garini wanaulizana kama yule dada wa hesabu ameshindwa na nani leo. Na kwa Bethwel alisema yale yale ya kila siku: karibu mwalimu, chai ama maji, asante mwalimu, kesho.

Mwishoni mwa Julai simu ililia tena. Bethwel alikuwa nyumbani, Jepkosgei akimmiminia chai ya asubuhi. Alikuwa Abby.

"Mwalimu, Njoki alipokuwa hapa alinieleza kuhusu hiyo lugha yenu, nami nikaipeleka kwa kamati. Wamekubali. Akitaka, unaweza kumsomea wewe, msimamizi akiwa ndani na tukirekodi. Ama nisome mimi kama mara ya kwanza. Nijulisheni kabla ya wiki kuisha."

Kitato, Milimani, mbele ya kamati, kinarekodiwa. Kabla hajajua anachokifanya alikuwa ameshachagua kichwani shati la kuvaa siku hiyo. Kisha akamwona Jepkosgei anavyomtazama juu ya birika, wala mkewe hakuwa amesikia neno la ile simu. Alimtazama tu usoni.

"Akisomewa na wewe," Bethwel akauliza kwenye simu, "anaruhusiwa kuuliza nini?"

"Chochote kuhusu kilichoandikwa. Kilivyokaa, kinapoanzia, kinapoishia. Maana yake ndiyo siwezi kumpa. Siku ile hakuuliza, na mimi sikujua kama naweza kumwambia bila kuulizwa. Imenisumbua."

Bethwel alishukuru, akakata simu, akasimama. Chai aliiacha inatoa mvuke mezani.

Njoki alikuwa akikatakata sukuma wiki. Bethwel alisimama mlangoni pa jikoni akamwambia yote, jinsi yalivyosemwa, kwa mpangilio ule ule. Hakuongeza wala hakupunguza, na kila sentensi alipoimaliza alihisi kama mtu anayetoa mzigo kwenye gari la mwenziwe.

Kisu kikasimama. "Na wewe unataka nini?"

Angeweza kusema hana neno. "Nataka kusoma," akasema. "Nataka sana. Lakini aliyeulizwa ni wewe."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, turniboi akipiga bodi kwa kiganja.

"Nikiingia kozini, mwalimu, wataandika ubaoni kila siku. Utakuja kukaa kwa dawati langu?"

"La."

"Basi Abby asome."

Iliuma, hata yeye alishangaa ilivyouma. Akaitafuta namba ya Abby kwenye simu, akapiga, akamkabidhi Njoki ili aseme mwenyewe. Akatoka nje asisikilize. Njoki alipomrudishia simu aliishika kidogo kabla ya kuiachia.

"Amekupigia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Chai nimeiacha mezani."

"Ulikuja na miguu?"

"Na miguu."

Njoki akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mboga. "Haya, mwalimu. Kesho." Kwa Kiswahili, kama jana.

Na sasa ni Agosti, na Bethwel ameketi kwenye lile benchi la Milimani. Hakuvaa koti. Mugure yuko kando yake na thamosi, anasinzia na kuzinduka. Majani ya mijakaranda yametapakaa njiani na hakuna anayeyafagia. Dirisha la chumba cha mtihani limefungwa, lakini sauti inapita, si maneno, ni mdundo wake tu. Husikika sauti ya Abby, kisha kimya, kisha sauti ya Njoki ikipanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza, kisha tena ya Abby, fupi. Halafu kimya kirefu, ambacho Bethwel anakijua kuliko kimya chochote duniani. Mara nyingine baada ya kimya hicho huja sauti ya Njoki, tulivu, ya kutaja jibu. Mara nyingine huja swali jingine. Amejaribu kukisia anavyoendelea, ameshindwa.

Asubuhi, pale mlangoni, alimwachilia mkono kabla hajaambiwa. Njoki akapiga hatua mbili, akasimama.

"Nikitoka nitakuambia," akasema.

Bethwel alitaka kuuliza atamwambia kwa lugha gani. Swali lilifika mdomoni likakwama, maana alihisi hana haki nalo. Tangu wakati huo limekaa naye kwenye benchi. Anajua kwamba hata Njoki akifaulu na kumwambia kwa Kiswahili, asante mwalimu, nimemaliza, itabidi afurahi, na atafurahi kweli. Atamnunulia soda. Lakini ni silabi moja tu anayoingoja, ile to ndogo ya kufunga, na anaona haya kuingoja siku ambayo si yake.

"Umefumba macho," Mugure anasema. "Unaomba?"

"Nasikiliza."

"Utasikiliza nini na dirisha limefungwa? Kunywa chai, baba. Akitoka atatoka."

Anamimina chai kwenye kifuniko cha thamosi na kumpa. Bethwel anaipokea, haijafika mdomoni. Ndani kiti kimeburutwa. Karatasi zinapangwa. Abby anasema kitu, na Njoki anacheka kidogo, kicheko ambacho kinaweza kuwa cha mtu aliyeweza au cha mtu aliyechoka. Hatua zinaanza kuja, mbili nyepesi na mbili za kupapasa, zikifuata ukuta.

Bethwel anaweka chai chini, anasimama. Kitasa kinashuka.